Wasifu wa marehemu mhandisi: kazi na familia viingieje kwenye dakika tano?

Mwana_wa_Kilosa
Wana jukwaa, shikamooni wakubwa. Kamati ya msiba imenikabidhi wasifu wa marehemu baba mkubwa, usomwe Jumamosi kabla ya kuaga mwili. Alizaliwa 1946, alikuwa mhandisi wa maji, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mchungaji ametoa dakika tano. Rasimu iliyopo imejaa "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu", maneno yanayomfaa marehemu yeyote. Nianzie wapi, na kazi zake niziandikeje hata bibi wa kijijini azielewe?

Karani_Mstaafu
Marahaba, poleni sana. Dakika tano za kusoma kwa utulivu ni kama maneno 450 hadi 500, usizidishe.

Kabla ya kuandika, omba bahasha ya vyeti: cha ubatizo, vya shule, cha ndoa, barua ya ajira, ya kustaafu, na hasa barua za uhamisho. Hizo ndizo hazina. Kila moja ina tarehe, kituo na cheo; zitandaze mezani kwa kufuata miaka, tayari umepata uti wa mgongo wa wasifu. Tarehe za kukumbuka kwa kichwa ndizo zinazoleta ubishi msibani.

Kisha linganisha majina na miaka. Aliyezaliwa 1946 huenda alisoma darasa la kwanza hadi la nne, halafu middle school hadi la nane, kwa hiyo usimwandikie "darasa la saba" kwa mazoea. Kitivo cha Uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973. Kama alihitimu digrii kabla ya hapo, angalia cheti vizuri, maana wengi walisomea Nairobi chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na kama alifanya kazi ya maji Dar, NUWA (Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini) iliundwa kwa sheria ya 1981, na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar iliyoirithi, ni kuanzia 1997. Wastaafu wenzake watakuwa wamekaa mstari wa mbele, kosa kama hilo watalisikia.

Bomba_Chuma
Poleni. Mimi naongezea upande wa kazi tu. Chunga vitenzi. *Alisanifu* ni kupiga hesabu na kuchora. *Alisimamia* ni kuwa eneo la ujenzi na kuhakikisha mkandarasi anafuata michoro. *Alikarabati* ni kurudisha kilichokufa. Ukiandika "alijenga mradi wa maji" peke yake, umewafuta mafundi sanifu na mafundi mchundo waliokuwa naye, na yeye mwenyewe hujaonyesha alifanya nini. Cheo pia: angalia cheti cha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama kinasema Mhandisi Mhitimu, Mtaalamu au Mshauri, uandike hivyo hivyo.

Chagua miradi miwili, mingine itaje kwa sentensi moja. Namba igeuze iwe kitu cha kushikika. Tangi la mita za ujazo 500 ni lita 500,000, yaani ndoo 25,000 za lita 20; bibi wa kijijini ameshaelewa. Halafu sema linahudumia nani leo: zahanati, shule, soko. Kama halifanyi kazi tena, sema tu mwaka alioukabidhi mradi. Usiseme "hadi leo" bila kumpigia simu mtu wa huko.

Mama_Ubani
Poleni wanangu. Sehemu inayovunja misiba ni ya watoto. Andika orodha kamili, wa ndani na wa nje ya ndoa, na mjane na mkubwa wa ukoo waione kabla ya Ijumaa jioni. Waliofariki hawaachwi: "alijaliwa watoto sita, wawili wametangulia mbele za haki". Majina hayo hayo yatahitajika kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo wakati wa mirathi, na mtoto aliyesahaulika hapa ndiye atakayeweka pingamizi kule. Ugonjwa nao utaje kwa kiasi anachoridhia mjane. Madeni yana tangazo lake, hayamo kwenye wasifu.

Na upendo wake kwa familia, tafuta tendo moja. Muulize kila mtoto peke yake: "Baba alipokuwa nyumbani mikono yake ilikuwa ikifanya nini?" Wawili wakitaja kitu kimoja, labda kuchonga penseli za wote kwa wembe Jumapili usiku, hicho ndicho cha kuandika. Kinatosha kuliko "alikuwa baba mwenye upendo" mara tano.

Mwana_wa_Kilosa
Asanteni mno. Nani asome, mtoto wake au mimi? Na familia ikae wapi, mwanzo au mwisho?

Karani_Mstaafu
Kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na watoto, ugonjwa na kifo, mwisho "Bwana ametoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe". Ndoa ukiipachika katikati ya kazi kwa mwaka wake inapendeza zaidi, kwa kuwa kila uhamisho mama aliufuata na watoto.

Asome asiyelia haraka. Kwa kawaida mpwa au mkwe, mtoto asimame pembeni. Chapa kwa maandishi yanayoonekana vizuri, saizi 16, upande mmoja wa karatasi, nakala mbili, moja akae nayo mshereheshaji. Majina ya vijiji na ya ukoo msomaji ayasome kwa sauti mbele ya mzee mmoja Ijumaa usiku.

Mama_Ubani
Na maji ya kunywa pale kwenye kipaza sauti, msisahau.