Mrejesho: zile imeli za duka langu la kofia

Asalaam aleikum jamani, narudi na mrejesho. Niliwauliza nifanyeje watu wafungue imeli za duka langu la mtandaoni, la kofia za kushonwa kwa mkono, hapa Langoni Lamu. Nilikuwa nimekusanya anwani zote za wateja wa zamani nikawarushia tangazo kwa mkupuo, nyingi zikaangukia spamu, ile folda ya imeli taka, na mmoja akanijibu kwa hasira nani kakupa ruhusa. Alikuwa na haki, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza. Basi nikafuta orodha nzima, iliniuma wallahi, nikaanza upya na watu 19 tu waliojiandikisha wenyewe, na kila imeli ina linki ya kujitoa. Bei sitangulizi tena, naziweka mwisho wa barua. Juzi nimetuma picha ya mama amekaa dirishani anashona vitundu vya kofia, uzi mweupe kaubana kwa meno, nikaeleza kwa nini kofia moja inakula miezi, watu 7 wakajibu na mmoja yuko Oman kaagiza mbili! Sai natuma kila Alhamisi baada ya Alasiri. Shukran sana ndugu zangu mlionikazania.