Picha yako ukiiona, unajijua? Tupeane uzoefu

Binti Wete: Assalamu alaykum jamani. Leo nimechukua kitambulisho kipya cha Mzanzibari mkaazi, na tangu mchana nakitazama tu. Uso wangu, mtandio wangu, kovu langu la juu ya nyusi, lakini yule si mie ninayemjua. Na kovu lenyewe limehamia upande mwengine! Dada yangu anasema, "Mbona umetoka vizuri, ndo weye huyo huyo." Kwani siku zote ndivyo mnavyoniona? Nataka kusikia wenzangu, picha gani iliwahi kukushitua.

Wa Mkoani: Yaani umenigusa. Mie changu nakitoa kifudifudi, anayetaka sura akigeuze mwenyewe.

Fundi Picha Chake: Bibie, hujabadilika. Sura unayoijua ni ya kwenye kioo, na kioo kinageuza. Picha inakuonesha kama anavyokuona aliyesimama mbele yako. Uso wa mtu haulingani sawasawa pande zote mbili, ndo maana ukigeuzwa unajiona umepinda. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichapisha picha za watu nakala mbili mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo. Wengi wa wenyewe walichagua ile ya kioo, marafiki zao wakapenda ya kawaida. Mtu hupenda alichokizoea. Dada yako hakukudanganya.

Kijana Michenzani: Na pua je? Kwenye kioo sina pua ile ninayoiona kwenye selfi.

Fundi Picha Chake: Simu iko karibu mno. Ukiishika kwa mkono wako, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, basi inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Mpe mwenzio simu, arudi mita moja na nusu, hata mbili.

Wa Mkoani: Ama acheke tu. Ukicheka nani ataitazama pua?

Kijana Michenzani: Shangazi, ukicheka ndo inatanuka zaidi!

Bi Harusi Kengeja: Nyie mnasema vitambulisho. Mie nilikataliwa kwenye picha za harusi yangu.

Mie mweusi, kwetu sote weusi, na siku ile mpambaji alinipaka fondesheni ya mtu mwengine kabisa. Nikamwambia, "Dada, shingo haifanani na uso." Akanambia taa za ukumbini zitaimeza rangi, nisiwe na wasiwasi. Mpiga picha naye akaongeza yake kwenye kompyuta, akanisawazisha ngozi mpaka ile alama nyeusi ya shavuni ikapotea. Alama hiyo anayo mama, na bibi mzaa mama anayo, pale pale.

Bibi hakuweza kuja ukumbini, miguu ilikuwa haimchukui. Albamu ilipokuja nikampelekea nyumbani, nikakaa naye kitandani nikamfungulia. Akapangusa miwani. Akatazama moja moja, akasifu gauni, akasifu dhahabu, akauliza lile pambo la nyuma limefanywa kwa maua gani. Tulipofika mwisho akasema, "Na zako ziko wapi?" Nikamwambia, "Bibi, hizi ndo zangu." Akarudisha ukurasa. Akaweka kidole shavuni, pale ambapo alama ingekuwapo, akasugua, kama vile anatoa vumbi. Halafu akanyamaza.

Na jamani, mie nilikuwa nazipenda! Nilishaziweka kwenye simu, usiku nikilala najitazama. Kile kidole cha bibi ndo kilichonionesha kuwa muda wote nilikuwa nampenda mtu mwengine. Tangu siku ile sijaifungua albamu.

Binti Wete: Subhanallah. Shoga, nimelia.

Wa Mkoani: Na mumeo alisemaje?

Bi Harusi Kengeja: Alisema nimependeza. Sikumuuliza tena.

Mpambaji Mjini: Poleni, lakini msitutupie lawama zote sisi. Anakuja bi harusi na picha ya mtu kwenye simu, anasema nitoe kama huyu. Nikimpaka rangi yake mwenyewe, mamake anauliza mbona mwanangu hakung'aa.

Bi Harusi Kengeja: Mie sikuja na picha ya mtu. Nilisema shingo haifanani.

Mpambaji Mjini: Sijakusema weye, mwaya.

Kijana Michenzani: Sasa umemsema nani, na hapa bi harusi ni mmoja?

Fundi Picha Chake: Taratibu jamani. Kamera nayo ina lake. Inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Mtu akivaa buibui jeusi, kamera inadhani pana giza, inaongeza mwanga, uso unapauka. Akivaa kanzu nyeupe inapunguza, uso unakuwa kiza. Ukiwasimamisha bwana harusi na bi harusi pamoja, fundi asiyejua anaharibu mmoja wao. Pima mwanga kwenye uso, nguo ziache.

Mzee Malindi: Mama yangu alipigwa Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Amekaa wima, mkono juu ya meza, saa inaonekana, hacheki. Rangi yake ndo ile ile aliyokuwa nayo. Aliichukua, akaitundika sebuleni, na kila mgeni alioneshwa. Sikumsikia hata siku moja akiitia kasoro.

Binti Wete: Mzee wangu, yeye alikuwa nayo moja. Sisi simu imejaa, na kila picha inasema jengine.

Wa Mkoani: Si wote walitundika lakini. Bibi yangu zake alizifungia sandukuni na ufunguo akautia kwenye pindo la kanga.

Bi Harusi Kengeja: Fundi, bibi yangu yuko hai, alhamdulillah. Nataka picha moja, mie na yeye. Hatoki nyumbani, na chumba chake kina kiza.

Fundi Picha Chake: Kengeja nitakuja mwenyewe. Mkalishe mlangoni asubuhi, ndani kidogo ya kizingiti, jua lisimguse, atazame nje. Vaeni kanga za rangi, msivae nyeupe tupu. Na poda usipake.

Mpambaji Mjini: Kidogo tu, ya kukausha mafuta.

Fundi Picha Chake: Hata hiyo.

Wa Mkoani: Na wanja?

Fundi Picha Chake: Wanja ruhusa, wote wawili.