Gemu ina mwenyewe: je, kijana aache shule kwa ajili yake?

Hoja iliyo mezani ni hii: je, mzazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu atafanya vyema akimruhusu mwanawe aache masomo ili awe mchezaji wa kulipwa wa michezo ya video? Wanaounga mkono wanasema dunia imebadilika, fedha zipo, na hata mpira wa miguu uliwahi kuonekana uhuni kabla haujajenga nyumba za watu. Wanaopinga wanasema ni kupoteza muda, ni uraibu kama uraibu mwingine, na haupishani sana na kamari. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeshika mkia wa jambo lenyewe. Kwamba gemu ni kazi, hilo limekwisha kuthibitika. Linalonitia hofu ni aina ya kazi hiyo: uwanja wake, kanuni zake na uhai wake vimo mikononi mwa kampuni moja, na kijana wetu anaingia humo bila mkataba anaouelewa wala chama cha kumtetea.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndiyo hoja inayotajwa kwanza. Julai 2019, Kyle Giersdorf, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 16, alishinda dola milioni 3 katika Kombe la Dunia la Fortnite jijini New York. Oktoba 2021 timu ya Team Spirit ilitwaa ubingwa wa Dota 2 jijini Bucharest na kuondoka na zaidi ya dola milioni 18, kutoka katika mfuko wa zawadi uliopita dola milioni 40. Miaka miwili baadaye michezo hii ikagombewa medali rasmi katika Michezo ya Asia ya Hangzhou. Mtu anayeendelea kuiita michezo ya watoto baada ya hayo yote anajinyima tu nafasi ya kusikilizwa na vijana.

Lakini tuufuate huo mfuko wa dola milioni 40 tuone ulikuwa umejengwa juu ya nini. Fedha zile hazikuwa za serikali wala za shirikisho. Sehemu kubwa ilitokana na mashabiki walionunua vitu vya ndani ya mchezo, na kampuni ya Valve, mmiliki wa Dota 2, ilikuwa imeamua kwamba robo ya mauzo hayo iende kwenye zawadi. Mwaka 2023 Valve ilibadilisha utaratibu wake wa mauzo, na mfuko wa mashindano yale yale ukashuka hadi kiasi cha dola milioni 3. Vipaji havikupungua na wachezaji walijituma vile vile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwenye mali. Kuna waliokumbwa na makubwa zaidi ya hayo. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba mashindano yake ya kulipwa ya Heroes of the Storm hayatarudi mwaka uliofuata. Wachezaji, makocha na watangazaji walioyategemea kwa mkate wao walipata habari hiyo kama ulivyoipata umma, na hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Shirikisho la soka likivunjika leo, watu watacheza Jangwani kesho jioni kama kawaida, kwa kuwa mpira hauna hatimiliki. Gemu inayo, na mwenye hatimiliki akizima seva, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mchezo mtandaoni, ujuzi wa miaka sita wa kijana unabaki hauna pa kuuzwa.

Hapa ndipo mfano wa Lee Sang-hyeok, yule Faker wa Korea Kusini, huletwa kama nyundo ya kumalizia ubishi. Ni kweli kwamba aliacha sekondari akajiunga na timu mwaka 2013, na kufikia 2025 alikuwa amechukua ubingwa wa dunia wa League of Legends mara sita. Namheshimu sana. Ila wanaomtaja husahau alizaliwa wapi. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997, Korea Kusini iliwekeza kwa nguvu katika intaneti ya kasi. Kumbi za kompyuta zikaenea mitaani, vituo vya televisheni vikaanza kurusha mechi, na mwaka 2000 kikaundwa chama cha taifa cha kusimamia michezo hii kwa idhini ya serikali. Faker alipoacha shule, nyuma yake kulikuwa na zaidi ya miaka kumi ya mfumo wenye mishahara, makocha na kanuni, na mwaka 2010 mfumo huo ulikuwa umeshawafungia maisha wachezaji mashuhuri wa mchezo wa StarCraft waliouza mechi. Medali ya dhahabu aliyoipata na wenzake kule Hangzhou iliwapa msamaha wa utumishi wa kawaida wa kijeshi, jambo ambalo ni sheria ya nchi. Kijana wetu anayeambiwa amuige Faker anasimuliwa nusu ya kisa.

Tutazame basi kijana huyo anaanzia wapi. Katika mitaa yetu mingi ni kibanda chenye televisheni mbili, benchi, na pedi ambayo kitufe chake cha kushoto kimelegea hata wenyeji wanajua kuikwepa. Unalipa kwa mechi, aliyefungwa anampisha mwingine, na umeme ukikatika dakika ya themanini, mwenye kibanda ndiye anayeamua nani alipe tena. Humo wamo vijana wenye macho na mikono ya ajabu, wala sisemi hivi kuwapamba. Lakini akitoka hapo aingie kwenye mashindano ya mtandaoni, seva za michezo mingi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Anayecheza kutoka Mwanza kwenye seva ya Ulaya hucheleweshwa zaidi ya milisekunde 100 kabla amri ya kidole chake haijafika, na katika mchezo wa kulengana risasi, mpinzani aliye karibu na seva anakuwa ameshamaliza kazi. Kipaji hakiwezi kufidia umbali huo, na bando la kufanyia mazoezi kila siku halilipiwi na kipaji.

Kuhusu mikataba nina uchungu zaidi. Mei 2019 mchezaji wa Marekani Turner Tenney, anayejulikana kama Tfue, aliishtaki timu yake ya FaZe Clan akidai kwamba mkataba wake uliiruhusu kuchukua hadi asilimia 80 ya baadhi ya mapato yake ya udhamini. Shauri hilo liliishia katika suluhu, lakini swali lake limebaki: ikiwa kijana aliye karibu na mawakili wa California anaweza kujikuta akilalamikia maandishi aliyoyasaini mwenyewe, yule wa Mbagala anayetumiwa karatasi za Kiingereza kwa simu atamuuliza nani? Kwa sheria za Tanzania na Kenya aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto, na ndio umri ambao timu huanza kumtafuta mchezaji.

Hoja ya uraibu siipuuzi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Hata kwa walio wataalamu mwili hulipa: Jian Zihao wa China, maarufu kama Uzi, alistaafu mwaka 2020 akiwa na miaka 23 kwa sababu za kiafya. Hata hivyo, hoja hii haitoshi kuifuta kazi yenyewe, kama vile magoti ya wachezaji wa soka yasivyoifuta ligi.

Msimamo wangu ni kwamba kijana acheze, alipwe, na asiache shule. Sylvia Gathoni wa Kenya, aitwaye QueenArrow ulingoni, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa mchezo wa mapigano wa Tekken huku akiwa mwanafunzi wa sheria, na sijasikia anayesema masomo yalimpunguzia ngumi. Kwa upande wa Tanzania, naona Baraza la Michezo la Taifa lingeanza na jambo dogo: kila anayetangaza mashindano yenye zawadi ya fedha aiweke fedha hiyo mahali inapoonekana kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa, na kila mkataba wa mchezaji chini ya miaka 18 usomwe na mzazi pamoja na mtu anayeijua sheria.

Wanaotaka aache masomo sasa hivi, naomba wanijibu jambo moja mahususi. Kampuni yenye mchezo huo ikitangaza Desemba ijayo kwamba mashindano hayataendelea, kijana wa miaka 21 mwenye cheti cha darasa la saba tu aende kwa nani, na akafanye nini Januari?