Nimeacha ugali na wali, mzani umeganda kwenye kilo 91. Nivumilie au nibadilishe?

mama_wa_duka (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 43, urefu sentimita 162, na kazi yangu ni ya kukaa: niko kaunta ya duka la vifaa vya umeme kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kilo 97. Nilikwenda kupima afya, presha ikaonekana imeanza kupanda na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa 6.4. Daktari akaniambia hiyo bado si kisukari ila njia inaelekea huko, nianze na uzito kabla hajafikiria dawa.

Nikaacha wanga. Ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, soda, sukari kwenye chai, vyote nikavitoa. Nyumbani wanaendelea na ugali wao, mimi nakula mboga na kitoweo. Asubuhi mayai na parachichi na chai ya maziwa. Mchana tembele au mchicha na dagaa. Usiku samaki au kuku na kabichi. Njaa ikinishika dukani natafuna korosho, na chai ya maziwa nakunywa kutwa, maana thermos iko pembeni yangu.

Wiki ya kwanza peke yake zilitoka kilo tatu. Nilifurahi mno, nikapiga hesabu kwamba Pasaka itanikuta kwenye sabini na kitu. Pasaka ikaja ikapita. Baada ya zile tatu, nyingine tatu zimetoka kwa kuvutana, na sasa tuko mwezi wa sita naona 91 kila nikipanda mzani. Siku nyingine inasoma 92. Wifi yangu tulianza pamoja, anakula kama mimi, yeye ameshaacha kilo kumi na moja.

Mume wangu ananihurumia, ananiambia, "Mama, kula ugali wako, huo ndio mwili wako." Na kwa kweli harufu ya ugali wa moto usiku inanitesa.

Kuna kitu hakiendi sawa, au ndivyo inavyokuwa? Naomba majibu ya watu waliopita njia hii. Wauza dawa za kukata tumbo naomba mnipishe.

kijana_pasiansi (Mwanza)

Pole dada. Funga siku tatu mfululizo, maji matupu. Mzani utatii wenyewe.

fundi_kihonda (Morogoro)

Dada, hongera kwanza. Nasema hongera nikimaanisha, endelea kusoma utaona kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kula hivi mwaka juzi nikiwa na kilo 103, leo nina 84, na sijaona mwezi hata mmoja uliokwenda kasi kama ile wiki ya kwanza. Haiwezekani uone tena wiki kama ile, na sababu yake ni hii. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, kwa mtu mzima kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo inashika maji karibu gramu tatu. Ukiacha ugali, akiba inatumika, maji yake yanatoka kwa mkojo. Bila shaka unakumbuka siku zile za mwanzo ulivyokuwa unaamka usiku kwenda chooni. Basi zile kilo tatu nyingi yake yalikuwa maji. Hesabu yako ya Pasaka uliijenga juu ya maji.

Kilo tatu zilizofuata, zile unazoziona haba, hizo ndizo mafuta yenyewe. Hizo ndizo ulizozitolea jasho, na hizo ndizo za kujivunia.

Sasa mzani. Mimi kazini natumia futi kamba, na ninaiamini kuliko mzani. Kuna kipindi kilo zangu zilikataa kusogea tangu mvua za masika zianze mpaka karibu na Sabasaba. Kiuno kwa muda ule ule kilitoka 104 kikaja 99. Nguo yangu mwenyewe niliishona upya ubavuni, nikaondoa kitambaa pande zote mbili, na mzani ulikuwa unasoma namba ile ile! Kama ningesikiliza mzani peke yake ningekuwa nimesharudi kwenye sahani ya wali.

Nunua futi kamba, haina bei. Pima asubuhi, tumbo tupu, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usipime pale unapofungia sketi, watu wengi hufungia chini au juu mno. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, kamba isikaze nyama. Andika kwenye daftari. Shirika la Afya Duniani limeweka alama kwa mwanamke: ukivuka sentimita 80 hatari ya moyo na sukari inaongezeka, ukivuka 88 inaongezeka sana. Wengi wetu humu tuko juu ya hapo, lakini kila sentimita inayotoka ni mali.

Na mzani upande mara moja kwa wiki, siku ile ile, umetoka chooni, na uwe juu ya sakafu ngumu, usiwe juu ya zulia. Kupima kila siku kutakuua moyo bure. Ukikaribia hedhi mwili unashika maji, ukila dagaa wenye chumvi nyingi unashika maji, usipopata choo siku mbili hiyo nayo ni uzito. Ile 91 kuwa 92 haimaanishi umenenepa.

Nina mawili ya kukuuliza kuhusu sahani yako. Korosho unakula kiasi gani? Korosho si kama karanga, ina wanga wa kutosha: gramu mia moja zina wanga karibu gramu 30 na kalori zaidi ya 550. Ukiwa na mfuko wazi kaunta, mchana kutwa, gramu mia hazikushindi. Na ile thermos: kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za sukari yake ya asili, hata usipotia kijiko. Vikombe vitano vya maziwa kwa maziwa ni kama umekula sahani ya wali. Sikwambii uache, nakwambia vitoe pembeni yako. Korosho ipime konzi moja uweke kwenye kibakuli, mfuko ubaki nyumbani. Chai iwe ya rangi, yenye tangawizi, na ile ya maziwa ibaki ya asubuhi.

nesi_mstaafu (Tanga)

Mwanangu wa Dodoma, fundi amesema vizuri. Naongeza machache ya upande wetu.

Kwanza kwa kijana wa Pasiansi: najua umetaka kusaidia, ila usimwambie mtu usiyemjua, mwenye presha inayopanda, afunge kwa maji matupu siku tatu. Kilo zitakazotoka nyingi ni maji tena, na zitarudi akianza kula. Na msomaji mwingine anayepita hapa, kama una kisukari na unameza glibenclamide au unachoma insulini, usiache wanga kabla ya kuonana na daktari wako. Dozi ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Ukiondoa chakula dozi ikabaki, sukari inaweza kushuka mpaka uzimie.

Sasa kuhusu kilo sita unazozilalamikia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Christopher Gardner, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, wote wakipewa mafunzo na wataalamu wa lishe. Mwaka ulipoisha, waliopunguza wanga walikuwa wameshuka kwa wastani wa kilo 6.0, na wale wa mafuta 5.3. Umesoma hapo? Kilo sita, mwaka mzima, na wataalamu pembeni. Wewe umezifikisha mwezi wa sita, peke yako, huku jirani kwenye meza kuna ugali.

Utafiti huo huo unamjibu wifi yako. Ndani ya kila kundi kulikuwa na walioshuka karibu kilo 30 na walioongezeka, chakula ni cha aina moja. Miili haifanani. Umri, usingizi, dawa, uzito wa kuanzia, vyote vinaingia. Mpongeze wifi, halafu daftari lako liwe lako.

Halafu jambo ambalo watu hawaambiwi: mwili wa kilo 91 unatumia nguvu pungufu kuliko ulivyokuwa na 97. Kwa hiyo mwendo kupungua ni kawaida, hakuna kilichoharibika. Ukishuka asilimia tano ya uzito, presha na sukari huanza kuitika. Asilimia tano ya 97 haifiki kilo tano. Umeshaipita. Umepima sukari tena tangu mwezi wa kwanza? Hilo ndilo ningelifanya wiki hii kabla ya kubadilisha chochote.

mama_wa_duka (Dodoma)

Nimesoma yote na machozi yamenilenga, Mungu awalipe.

Dada fundi, mfuko wa korosho umekwenda kwa watoto leo hii. Chai ya maziwa nilikuwa nahesabu kama maji, kumbe. Futi kamba nimeazima kwa jirani, kiuno ni 101. Cha mwezi wa kwanza sina, sikupima.

Mama yangu wa Tanga, sukari sijarudi kupima, nilikuwa nangoja mzani ufike kwanza sehemu ya maana. Nakwenda Jumatatu kabla sijafungua duka.

Jambo moja linanisumbua. Mwezi ujao tunakwenda kwa mama mkwe Kondoa, na yeye ukikataa ugali wake anaumia kabisa, anaona umemkataa yeye. Nifanyeje?

fundi_kihonda (Morogoro)

Usikatae mbele ya watu. Ingia jikoni naye mapema, msaidie kuchambua mlenda, umwambie pale pale kwamba daktari amekuona sukari inapanda na unataka umtunzie mwanawe na wajukuu ukiwa mzima. Akina mama wa umri wake wameshazika watu kwa kisukari, atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Kisha kata tonge moja la ugali wake, ule na mboga nyingi na kuku wake, umsifie. Tonge moja halikurudishi kwenye 97.

Na gauni ulilovaa kwenye sherehe yoyote mwezi wa kwanza au Krismasi, unalo? Livae, halafu finya kitambaa kinachozidi pale kiunoni, ukipime kwa futi kamba. Kama gauni lilikuwa limekukaa sawasawa siku ile, hicho kinachozidi ndicho kilichotoka. Tupe na majibu ya sukari ya Jumatatu.