Kwa nini Kiesperanto hakiachi kiambishi -n?

Mwenye Daftari

Ndugu zangu, nimejifunza sarufi ya Kiesperanto kwa miezi kadhaa sasa, na mengi yameniingia bila taabu: nomino huishia na -o, kivumishi na -a, wingi huonyeshwa kwa -j, nacho kitenzi huchukua -as kwa wakati uliopo, -is kwa uliopita na -os kwa ujao, pasipo kujali nafsi. Kinachonikwamisha ni -n ya yambwa. Katika "La knabo legas libron", yaani mvulana anasoma kitabu, sioni kazi ya -n hiyo, kwa kuwa mpangilio wa maneno umekwisha kuonyesha nani anasoma na nini kinasomwa. Kwa nini lugha iliyobuniwa iwe rahisi ijitwike mzigo huu?

Msomaji wa Sarufi

Ndugu, Zamenhof mwenyewe, aliyekibuni Kiesperanto, aliwahi kulifikiria jambo hilo. Alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1887, na mwaka 1894 alipendekeza mageuzi ambayo yangeiondoa -n, lakini wafuasi wa lugha hiyo walipopiga kura, wengi waliyakataa. Nadhani walifanya vyema. Itazame sentensi yetu ya Kiswahili, "Ananipenda kuliko wewe." Je, ananipenda kuliko anavyokupenda wewe, au kuliko wewe unavyonipenda? Sisi hulazimika kuongeza maneno ili kuondoa utata huo. Kiesperanto hutumia herufi moja tu: "Li amas min pli ol vin" ni maana ya kwanza, na "Li amas min pli ol vi" ni ya pili.

Isitoshe, -n haikomei kwenye yambwa. "Li kuras en la ĝardeno" humaanisha kwamba anakimbia akiwa ndani ya bustani, ilhali "Li kuras en la ĝardenon" humaanisha kwamba anakimbia kuingia humo. Msemaji wa Kiswahili asishangazwe na tofauti hii, kwa sababu anayo tayari, ila ameiweka ndani ya kitenzi: kukimbia bustanini si sawa na kukimbilia bustanini. Kazi ambayo sisi tumeipa kauli ya kutendea, wao wameipa nomino. (Jihadhari tu na kosa la wanaoanza: baada ya "al" hatuweki -n, kwa kuwa kihusishi hicho chenyewe kinaonyesha mwelekeo.)

Mpenda Kiido

Naheshimu maelezo hayo, lakini hayathibitishi kwamba -n ni ya lazima kila mahali. Kiido, kilichotokana na Kiesperanto mwaka 1907, huidai pale tu yambwa inapotangulia kiima. Mpangilio ukiwa wa kawaida huachwa, na watu huelewana. Kanuni inayotumika panapo haja ni nyepesi zaidi kwa mwanafunzi kuliko ile anayopaswa kuikumbuka katika kila sentensi.

Msomaji wa Sarufi

Hoja hiyo ina uzito, na sibishi kwamba Kiido kinaeleweka. Lakini katika Kiesperanto kivumishi kinaweza kutangulia nomino au kuifuata, na hapo mpangilio hauwezi kutuokoa. "Mi trovis la libron bonan" maana yake ni kwamba nilikipata kile kitabu kizuri. "Mi trovis la libron bona" maana yake ni kwamba nilikisoma nikakiona kuwa kizuri. Kivumishi chenye -n kinaifuata nomino kama sifa yake, na kisicho nayo kinaeleza hukumu yangu juu yake. Ondoa -n kote, nawe utabaki na sentensi moja yenye maana mbili.

Mwenye Daftari

Ahsanteni sana. Mfano wa kitabu ndio ulionifungua macho, nami nimeujaribu kwa kitenzi kingine. "Ŝi farbis la muron blankan": aliupaka rangi ukuta uliokuwa mweupe. "Ŝi farbis la muron blanka": aliupaka rangi ukuta hata ukawa mweupe. Kama nimekosea, naomba mnisahihishe.

Msomaji wa Sarufi

Hujakosea hata kidogo.