Msaada: mashine ya kufyekea majani inaisha nguvu ikishapata moto

Majani_Moro (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Nina mashine ya kufyekea majani, ile ya kuning'iniza begani, ya Kichina, cc 52. Niko Morogoro. Asubuhi inawaka vizuri, mvuto wa pili au wa tatu tu. Nikishafyeka dakika kumi inaanza kulegea. Nikivuta resi inakoroma, kamba ya kukatia haizunguki kwa nguvu, majani yanalala badala ya kukatika. Nikiizima ikapoa nusu saa inarudi na nguvu, halafu yale yale. Nimebadili plagi, nimeosha filta ya hewa. Nina kazi ya shule, uwanja wa mpira na pembezoni mwa madarasa, natakiwa kukabidhi Ijumaa, na kwa mvua hizi majani yamefika magotini. Fundi anasema ni kabureta. Nimekwama, naombeni ushauri.

Fundi_Kihonda:
Pole mkuu. Ikianza kulegea, legeza kifuniko cha tanki bila kuzima. Nguvu zikirudi, tundu la kupumulia tanki limeziba. Isiporudi, angalia wavu mdogo ulio ndani ya bomba la moshi, huwa unajaa masizi. Halafu niambie, mafuta unachanganya kwa kipimo gani?

Mama_Shamba:
Mimi hizo mashine sizitaki. Nimesomesha watoto wawili kwa fyekeo la mkono. Unalinoa asubuhi, unakata mpaka adhuhuri, halikudai petroli wala plagi. Vijana wa siku hizi mnapenda kelele.

Dereva_Mstaafu:
Ya kwangu iliwahi kufanya hivyo hivyo, nikahangaika mwezi mzima. Kumbe nyigu alijenga ndani ya bomba la moshi, udongo umekauka kama saruji! Nilitoa kwa bisibisi vipande kwa vipande, mke wangu akicheka mlangoni. Na nyie mnaotoa kinga ya chini, jueni kile kisu kidogo kina kazi yake. Bila hicho kamba inakuwa ndefu kupita kiasi na injini inaelemewa.

Kijana_Mpole:
Nunua mpya mkuu, hiyo kaichimbie kaburi hapo hapo uwanjani.

Majani_Moro:
Asanteni. Kinga na kisu vipo. Kifuniko nimelegeza, hakuna mabadiliko. Wavu nimeuchoma kwenye jiko la mkaa, nikausugua kwa brashi ya waya, imebaki vile vile. Mchanganyiko uko sawa.

Fundi_Kihonda:
"Uko sawa" siwezi kufanyia kazi. Kiasi gani kwa lita ngapi?

Majani_Moro:
Mililita 200 za oili ya tu-stroku kwa dumu la lita 5, kama kijitabu kinavyosema. Kijana wangu ndiye anayechanganya.

Fundi_Kihonda:
Hapo ni 25 kwa 1, sawa. Swali la mwisho, na unijibu ukweli kwa sababu ndilo litakalookoa hela yako. Imewahi kuzima ghafla ikiwa moto, ukavuta kamba ya kuwashia ikagoma?

Mama_Shamba:
Masaa matatu sasa mleta uzi kimya. Ameguswa.

Majani_Moro:
Nipo, nilikuwa nawaza. Ndiyo, iliwahi. Jumatano iliyopita oili iliisha. Nikamwambia kijana aweke petroli tupu, lita moja, tumalizie kona ya nyuma ya vyoo. Hazikupita dakika nyingi ikapiga kelele kali ikasimama. Kamba haikuvutika kabisa. Tulisubiri ikapoa, ikawaka, ndiyo maana sikuona kama ni jambo la kusema. Na kabureta yenyewe ni ya zamani, ingebadilishwa tu. Fundi nimeshampa elfu arobaini ya kutangulia. Kijana nimemwambia nitamkata nusu, maana yeye ndiye aliyeshika mashine.

Mama_Shamba:
Mwanangu, umemwamuru mwenyewe kwa mdomo wako! Mtoto wa watu angekataa ungemfukuza, ametii unamkata? Hapo sikuungi mkono hata kidogo.

Majani_Moro:
Mama, shikamoo, nakuheshimu. Lakini na yeye anajua mashine, alipaswa kunikumbusha.

Mpita_Njia:
Wakuu, hii ni chai. Kwanza kijana ndiye mchanganyaji, sasa mleta uzi mwenyewe ndiye aliyetoa amri. Mashine iliyokaushwa oili inanoki moja kwa moja, haiwaki tena asubuhi mvuto wa pili. Huyu ni muuza kabureta, subirini atoe namba ya simu.

Kijana_Mpole:
Nilijua tu. Sukari vijiko vingapi?

Fundi_Kihonda:
Mpita Njia, inawaka. Nimezipokea nyingi za namna hiyo. Injini hizi hazina oili yake chini kama gari, oili ni hiyo hiyo iliyo kwenye petroli. Ikikosekana pistoni inavimba, inakwaruza silinda, inakwama. Ikipoa inasinyaa na kuachia, ila mgandamizo unavuja kwenye mikwaruzo, kwa hiyo ikipata moto inalegea. Mleta uzi, fungua bomba la moshi, mulika tochi kwenye tundu, vuta kamba taratibu mpaka uone ubavu wa pistoni unapita. Tuambie umeona nini.

Majani_Moro:
Nimefungua sasa hivi hapa barazani, mke wangu ameshika tochi. Upande unaotazama tundu, pistoni ina michirizi ya kusimama, minne mikubwa na mingine midogo. Haing'ai, imekuwa ya kijivu kama bati lililoburutwa kwenye mawe. Nimepitisha ukucha, unakwama. Nimeshika mashine kwa mpini wa kamba nikaiacha ining'inie, ikashuka chini bila kujizuia hata kidogo.

Mpita_Njia:
Sawa, huo ukucha hautungwi. Naondoa neno langu. Pole mkuu.

Fundi_Kihonda:
Basi kabureta haina kosa. Ikishuka bila kujizuia namna hiyo, mgandamizo umekwisha. Badilisha silinda, pistoni na ringi kwa pamoja, usiweke pistoni mpya kwenye silinda yenye mikwaruzo. Sili, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja pande mbili za injini, zikaguliwe, na ile petroli iliyobaki imwagwe. Mpigie fundi kabla hajanunua.

Majani_Moro:
Nimempigia, alikuwa bado hajaingia dukani. Elfu arobaini itaingia kwenye silinda, nitaongeza. Ila Ijumaa sitafika, vipuri anavipata Jumamosi.

Mama_Shamba:
Niko Mzumbe. Nina mafyekeo manne na vijana wawili ambao Alhamisi hawana kazi. Utawalipa wao, mimi hunidai wala sikudai. Na yule kijana wako?

Majani_Moro:
Asante ya moyo, mama, nashukuru sana. Nilikuwa sijamkata bado. Nimemwambia ujira wake uko kamili na amri ilikuwa yangu. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama kesho aje na jiwe la kunolea.

Mama_Shamba:
Mwambie aje nalo. Langu limeisha katikati.