Viungo vya mwili kwa Kifaransa, watoto wa chekechea

ticha_ottawa: Wadau, chekechea yangu hapa Ottawa inasoma kila kitu kwa Kifaransa ila nyumbani ni Kiingereza tupu. Kwenye picha wanataja tête, nez, bras (kichwa, pua, mkono) fresh kabisa, mtu akianguka uwanjani analia kwa Kiingereza. Nifanyeje?

mama_wawili: Weka picha kando ticha. Cheza mchezo wa Jacques a dit (Jacques kasema): ukisema Jacques a dit, touche tes genoux (gusa magoti yako), wanagusa, ukiamuru bila Jacques a dit anayegusa katoka. Halafu mtoto ndo aamuru, hapo mdomo unafunguka wenyewe.

Babu Chaki: Fungua hospitali ya midoli kwenye kona, plasta na bandeji, mgonjwa hatibiwi mpaka aseme j'ai mal au ventre (tumbo linaniuma). Sentensi nzima tangu mwanzo.

ticha_ottawa: Plasta watazigombania hao 😂 Asante babu, Jumatatu naanza